Birika la Mama

Mashavu alikuwa akijiandaa kwa usaili wa kesho, mdogo wake Hemedi akimsomea maswali.

"Utaiboresha vipi programu yetu ya simu? Tuchoree."

"Wale walionisaili mwanzo niliwachorea, wakaniambia sifai."

"Wale wa malipo? Dada, siku hizi wamenoga! Ngoja ninunue umeme kwa programu yao uone."

Walipokuwa wakisubiri malipo yakamilike, kwenye kioo cha simu likatokea birika linalochemka, mpini wake umefungwa kitambaa chekundu. Mashavu akageuka kulitazama birika la marehemu mama yao jikoni, na kitambaa chake chekundu.

"Wezi wakubwa! Huu ni mchoro wangu! Hata kitambaa hawakubadilisha! Kesho naanzia kwao."

Akamwaga chai yote, akalitumbukiza birika mkobani likiwa bado la moto, juu ya vyeti vyake.