Herufi Tatu

"Toa hizo herufi tatu, weka k," meneja alisema, kidole chake kikigusa kioo cha kompyuta.

Mpiga chapa alilitazama neno. Mwisho wake ulisomeka *pukutishwa*. Meneja alitaka *pukutika*. Ukisimuliwa barabarani utacheka: watu wazima na akili zao, asubuhi nzima wanagombania herufi tatu. Lakini wakaguzi wa serikali walikuwa wanafika saa nane, na ripoti yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja.

"Bosi, hayo ni maneno mawili," alisema mama yule mpiga chapa. Kabla ya kuja kiwandani alifundisha Kiswahili miaka sita, na ualimu ni kama harufu ya kitunguu, hautoki mikononi upesi. "Kupukutika ni kwenyewe tu. Kupukutishwa kuna aliyefanya."

"Ndiyo maana nataka la kwanza."

Nje ya dirisha, miti ilisimama mitupu kuanzia langoni hadi kwenye bomba jipya la moshi. Mfagizi alikuwa akirundika majani ambayo hayakuwahi hata kugeuka manjano. Yalianguka mabichi. Kila mtu pale alijua yalianza kuanguka lini, na kila mtu alikuwa na midomo ya kulisha nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyejua kitu.

Meneja alivuta kamusi rafuni, akalamba kidole, akafunua. "Haya, mwalimu, sikiliza. *Pukutika: anguka kwa wingi, hasa majani, msimu wake ukifika.* Umesikia? Msimu. Sasa nani amewahi kushtakiwa kwa sababu ya msimu?"

"Msimu gani huo unaopita upande wa bomba peke yake?"

Meneja aliifunga kamusi. Si mtu katili, tuseme ukweli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wakubwa walikuwa wamempigia simu mara mbili asubuhi hiyo, na shati lilikuwa limemlowa kwapani. Akavuta kiti, akakaa, sauti ikashuka.

"Mama, nisikilize. Ukiandika hiyo *shwa* yako, watauliza na nani. Wakiuliza na nani, kesho hapa pana kufuli. Watu mia tatu waende wapi? Wewe mwenyewe utakwenda wapi?"

"Na arobaini na mmoja?"

"Andika arobaini na mmoja, sijakukataza. Hesabu ni hesabu. Lakini neno liwe laini. Maji yakishamwagika hayazoleki, hata ukiyaandikia kitabu kizima."

Mpiga chapa aliiangalia mikono yake juu ya vibonye. Alikuwa na hasira, ile hasira inayokausha mate. Alitamani kusimama, achukue mkoba wake, apite langoni bila kuaga, aende akawasubiri wakaguzi barabarani awaambie kila kitu kwa mdomo. Lakini alikuwa na watoto wawili shuleni, na huu ulikuwa mwezi wa tatu nyumba yao inakula mshahara mmoja. Kazi mbaya si mchezo mwema. Nani angemwajiri, baada ya kukifunga kiwanda kilichoajiri mji mzima?

"Sawa, bosi," alisema.

Meneja aliinamisha kichwa. Akasema asante, na ilikuwa asante ya kweli, jambo lililomuumiza yule mama kuliko kama angetukanwa.

Akafuta herufi tatu. Akaweka k. Meneja akaomba asomewe mara ya mwisho, naye akasoma kwa sauti ya darasani, bila kukwama: "Tangu mtambo mpya uwashwe, wafanyakazi wetu arobaini na mmoja wamepukutika."

Kisha akashuka mstari, akaanza kupiga majina yao kwa alfabeti. La mume wake lilikuwa la saba.