Mkeka wa Bi Tunu

Wapenzi wa mchezo ule wa zamani wa televisheni walikutana kwenye ukumbi wa mji, wengine wamevaa kama wahusika wake. Mzee Shomvi alitandika mkeka wa marehemu mkewe karibu na mlango, akasimama kando. Alitaka tu kujua kama bado yupo anayemkumbuka.

Watu walipita kwenda kupiga picha na waigizaji. Kisha mama mmoja mwenye kofia ya polisi akasimama.

"Huu si mkeka wa Bi Tunu? Kila Jumapili tulijazana kwake kutazama!"

"Ndio wenyewe. Mwenyewe ametangulia, huu mwezi wa tatu."

"Pole, baba. Na alivyokuwa mkali! Miguu michafu, unatazamia dirishani."

Akavua viatu, akageuka kuwaita wenzake. "Nyie wa dirishani, njooni, leo mnaingia ndani!"

Wakaja watu wazima saba, wakicheka huku wakijifuta machozi, wakabanana goti kwa goti. Lakini ile pembe aliyozoea kukaa Bi Tunu akichambua mchele waliiacha wazi, bila kuambiana.