Goti la Kulia

Niligusa goti la kulia la mama, nikaurudisha mkono haraka. Lilikuwa la moto kama pasi, limevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa. Meno yake yalikuwa yakigongana kwa homa.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu juzi, mumeo aliponichoma hapa ile sindano ya maumivu ya magoti." Akanishika mkono. "Usimwambie. Mtoto wa watu kanihurumia, leo nimwambie kaniumiza?"

Mlango ukafunguliwa. Mume wangu akaingia na mkoba wake wa udaktari, anatabasamu.

"Shikamoo mama. Goti linasemaje?"

"Marahaba, baba. Limepona kabisa."

"Basi leo tulichome na la kushoto."

Akaenda kunawa. Maji yakaanza kutiririka bombani. Mama, bila kuniangalia, akapandisha gauni, upande wa kushoto tu.