Fisi na Kura za Panya

Wanyama wa bonde moja walimpigia kura Fisi, akawa mkuu wao. Kesho yake alikwenda kwenye shimo la Mhanga, mchimbaji hodari, akamwambia, "Hama. Hapa sasa ni ofisi yangu."

"Lakini mimi sikupiga kura, mheshimiwa."

"Asiyepiga kura amekubali watakavyoamua wengi," akajibu Fisi, akajinyoosha katikati ya shimo.

Mhanga hakubishana. Aliwaita majirani zake, Panya arobaini, akawauliza, "Jamani, nani atuchimbie mashimo mapya mwaka huu?"

"Fisi!" wakaitikia wote, mikono juu.

Fisi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mnanipa kazi bila kuniuliza? Mimi sijakubali!"

"Wala mimi sikukubali kuhama," akasema Mhanga kwa upole.

Panya wakaangua kicheko. Fisi akatoka shimoni, akaenda zake.

Wiki hiyohiyo mvua kubwa ilinyesha. Fisi akasimama mlangoni akitetemeka. "Ndugu yangu Mhanga, naomba unisitiri kidogo."

Mhanga akasogea upesi, akampisha. "Karibu ndani," akasema. "Ungeomba tangu siku ile, ungekuwa umeshazoea kukaa humu."