Mgeni wa Jikoni

Siku hizi mtu akifa, madaftari yake hugeuzwa ukurasa wa mtandao, na nyumba yake humtambua yule tu ambaye jina lake limo katika faharasa, ile orodha ya majina mwishoni mwa ukurasa. Bi Shemsa alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kinyozi hajinyoi, lakini madaftari ya marehemu mumewe angemwachia nani?

Akaketi nayo jikoni. Anakaa, anainuka, chai inapoa. Vichwa akavipanga, yaliyomo yakakaa sawa. Kisha akatafuta jina lake kwenye faharasa. Halikuwamo. Mzee, kwa heshima zake, miaka thelathini alimwandika "Mama Tunu" tu, na mashine inayotunga faharasa ikadhani ni Tunu, ikampa kurasa zote. Kuongeza neno katika maandishi ya marehemu ni marufuku.

Adhuhuri bintiye akaingia na kapu la mboga.

"Shikamoo, mama."

Kabla mama hajaitikia, nyumba ikatangulia kwa upole: "Karibu nyumbani, Tunu. Jikoni kuna mgeni. Aendelee kukaa?"

Tunu akacheka. Kisha akaona mama yake hacheki. Anasubiri jibu.