Baba Apanga Mizigo

"Fungua tena," baba alisema.

Binti yake akashusha pumzi. Ilikuwa mara ya nne tangu mchana. Baiskeli imesimama katikati ya sebule, imeegemea kochi, mabegi mawili yakining'inia kwenye keria kama mashavu ya mtu aliyejaza mdomo. Kesho angeanza safari yake ya kwanza, siku sita, yeye na wenzake wawili wa kazini.

"Hema lifunge kwa urefu, si kwa upana. Likichomoza, dereva anakosea kupima nafasi ya kukupita. Na begi hili limeziba taa ya nyuma. Lisogeze."

"Baba, si tunasafiri mchana!"

"Mtaondoka alfajiri. Alfajiri ndiyo mbaya. Kioo kina ukungu, dereva ana usingizi, na wewe una begi jeusi."

Tahadhari kabla ya hatari, wanasema, lakini hii ilikuwa imepita kiasi. Baba akazikaza kamba upya mwenyewe. Alikuwa anaogopa, hofu ile ya kukausha mate, wala hakujisumbua kuificha.

Mama, aliyekuwa akipiga pasi, akacheka. "Mtaalamu wetu huyo! Tangu nimjue hajapanda baiskeli hata siku moja. Mwanangu, muulize kayajulia wapi."

"Nilikuwa dereva wa lori," baba akasema.

"Miaka miwili tu! Nikiwa na mimba yako, siku moja akarudi, akatupa leseni kwenye droo, akaanza kuchonga funguo sokoni. Majirani wakasema nimemroga asitoke nyumbani. Nami nikawaacha waamini, angalau waniogope kidogo."

Binti akacheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alipiga magoti, akabonyeza matairi, akavuta breki, akazungusha gurudumu na kulisikiliza. Akabandika kibandiko cha kung'aa kwenye begi, akaongeza cha pili, kisha cha tatu.

"Usiende," akasema ghafla.

Mama akaweka pasi chini. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia mumewe akiomba kitu kwa sauti ile.

Binti akachuchumaa kando yake, akamshika bega. "Baba yangu, safari hii nimeisubiri mwaka mzima. Hata nikigongwa, Mungu apishe mbali, huyo aliyenigonga si atanikimbiza hospitali? Watu si wabaya kiasi hicho."

Baba akaitikia kwa kichwa. Akaomba bisibisi, akakaza skrubu ambayo ilikwisha kukazwa.

Alfajiri ya siku ile aliyoitupa leseni, alikuwa ameshuka kwenye lori na tochi mkononi, akaipita baiskeli iliyopondeka, akafuata nguo zilizotapakaa barabarani mpaka akamfikia mwenyewe. Kijana alikuwa hai. Alimshika upindo wa suruali, akaomba maji.

"Nakuletea," baba alimwambia, kisha akapanda lori na kukanyaga mafuta.