Chumba cha Uani

Marehemu Shebe aliigawa kompyuta ya nyumbani vyumba vyumba. Ukiiwasha, inakuuliza uingie Sebuleni au Jikoni. Siku binti yake Raya alipokaa kuifuta yote ianze upya, kikachomoza chumba cha tatu alichokificha baba: Uani.

"Mama, nifute na hiki?"

"Hebu ngoja kwanza."

Mjane akakichagua. Kioo kikawa cheusi, kikadai neno la siri. Akaandika jina lake, kikakataa. Akaandika la Raya, kikakataa. Kisha akatabasamu. Uani kwa watu huingii tu. Akaandika: hodi.

Mwanga ukatanda taratibu kama wa alfajiri, na katikati yake neno moja: Karibu.

Bila kufikiri, mama akavua kandambili.